Mjukuu wa Hürrem na meli za Mombasa: Watazamaji wa Mji wa Kale wapokeavyo tamthilia za kihistoria

MSIMU mpya wa tamthilia ya kihistoria unapoanza kuonyeshwa kwenye runinga, mjadala wa wakazi wa Kisiwa cha Mombasa aghalabu hauanzii kwa waigizaji. Huanzia kwa vazi, kwa lugha na kwa swali la nani alikuwa babu ya nani. Baada ya sala ya isha, katika baraza za Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, sehemu ya kwanza ya msimu huchambuliwa kana kwamba ni habari ya jana: je, upanga ule ni wa Kituruki au wa Kiajemi? Je, bibi wa ikulu angetoka mbele ya mawaziri kichwa wazi? Na je, mambo yenyewe yalitukia hivyo?

Anayedhani kwamba huu ni ushabiki mtupu hajawaelewa watu wa Mji wa Kale. Hapa ni mahali ambapo mtu hupita chini ya maandishi ya Kireno ya karne ya 17 akienda sokoni, na ambapo majina ya koo zilizopigania ngome ndiyo majina yaliyo kwenye vitambulisho vya watu hadi leo. Historia kwao ni mali ya ukoo. Ndiyo maana tamthilia za Waturuki na Waarabu zimepata watazamaji wengi huku, na ndiyo maana pia zimezua ubishi.

Sultani na wake wa ikulu

Tamthilia iliyofungua mlango huu kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili ni ile ambayo huku hujulikana kwa jina fupi la Sultan. Jina lake la asili ni Muhteşem Yüzyıl, na ilianza kuonyeshwa nchini Uturuki mnamo Januari 5, 2011. Inasimulia maisha ya Süleyman, aliyeitawala dola ya Uthmaniya kuanzia 1520 hadi 1566, na ya Hürrem, mjakazi kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraine, aliyefikia kuwa mke wa sultani kwa nikaha. Halit Ergenç aliigiza nafasi ya sultani naye Meryem Uzerli akawa Hürrem.

Mapokezi yake kwao hayakuwa ya shangwe peke yake. Malalamiko zaidi ya 70,000 yalilimbikizana katika baraza linalosimamia utangazaji nchini humo, RTÜK, na kituo cha Show TV kikapewa onyo. Walalamikaji walisema kwamba sultani ameonyeshwa akinywa na akistarehe katika nyumba ya wanawake, ilhali wao wamemsoma shuleni kuwa mtunga sheria na jemadari. Mnamo Novemba 2012, Recep Tayyip Erdoğan, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, aliishutumu tamthilia hiyo hadharani na kusema kwamba Süleyman wanayemjua wao alimaliza miaka 30 juu ya farasi. Hata hivyo, watazamaji hawakuondoka. Tamthilia ilihamia kituo cha Star TV, ikafikisha misimu minne na kukamilika Juni 2014. Msimu wa nne ulipoanza Septemba 2013, kilichozua ubishi si vazi tena bali sura: Uzerli alikuwa amejiondoa na nafasi ya Hürrem ikashikwa na Vahide Perçin.

Ilipofika Afrika Mashariki ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili na Azam TV ya Tanzania, hoja zile zile ziliibuka upya, safari hii katika baraza zetu. Wapo walioona haya kuitazama pamoja na wakwe zao. Wapo waliouliza iweje dola iliyoilinda Makka na Madina ionyeshwe kwa vifua wazi na fitina za vyumbani. Na wapo, hasa akina mama, waliojibu kwamba fitina za vyumbani ndizo zilizoendesha dola nyingi duniani, na kwamba anayetaka kuamini vinginevyo akaulize mashangazi zake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, akina mama walikuwa na hoja nzito zaidi. Watafiti wa historia ya Uthmaniya wamekubali kwa muda mrefu kwamba wanawake wa ikulu walikuwa na mamlaka makubwa katika karne za 16 na 17.

Lugha iliyotiwa mdomoni

Suala la pili ni lugha, na hapa Mombasa ina malalamiko ya aina yake. Kiswahili kilichotiwa katika vinywa vya masultani na mawaziri ni kile sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, na lafudhi yake ni ya Bara na ya Dar es Salaam. Mtu wa Mji wa Kale humsikia viziri mkuu wa Istanbul akisema "njoo" na "njia," akakumbuka kwamba barabara kongwe zaidi ya mtaa wake haiitwi Njia Kuu. Inaitwa Ndia Kuu. Katika Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, watu husema "ndoo," "ndia," "mtanga" na "kuteka" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "njoo," "njia," "mchanga" na "kucheka."

Si haki kumlaumu mtafsiri kwa hilo. Kazi yake ni kueleweka kutoka Mombasa hadi Kigoma, na Kiswahili sanifu ndicho chombo kinachomwezesha. Lakini lawama inaingia pale ambapo tafsiri huchanganya daraja za heshima. Katika ikulu ya Uthmaniya, jinsi mtu alivyomwita mkubwa wake ilikuwa suala la uhai na kifo. Kiswahili kina hazina ya maneno ya daraja hizo: mwinyi, mwana, bwana, sayyid, maulana, liwali, akida, jumbe. Kuyatupa yote na kubakia na "mkuu" na "mfalme" ni kumpokonya mtazamaji nusu ya mchezo.

Mfano mwema wa lugha unatoka mbali. Tamthilia ya Shōgun, iliyoanza kuonyeshwa Februari 2024 na kushinda tuzo 18 za Emmy mwaka huo, iliacha wahusika wake wa Japani wazungumze Kijapani, na watazamaji wa Marekani wakasoma tafsiri chini ya picha. Kwa mtazamaji wa Mombasa kuna sababu nyingine ya kuijali. Matukio yake yanaanza mwaka wa 1600, na Wareno wanaoonekana humo wakilinda biashara yao ya Macau na Nagasaki walikuwa raia wa dola ile ile ambayo, miaka minne tu kabla, ilikuwa imekamilisha ujenzi wa Fort Jesus.

Mashujaa wa farasini na wale wasiofaa kuigizwa

Diriliş: Ertuğrul ilikuwa na safari rahisi zaidi. Tamthilia hiyo iliyoandaliwa na Mehmet Bozdağ ilianza katika kituo cha TRT 1 mnamo Desemba 10, 2014, ikaendelea kwa misimu mitano hadi Mei 2019, na ikafuatwa na Kuruluş: Osman mnamo Novemba mwaka huo huo. Ina vita, sala, wazee wenye hekima na mapenzi yasiyovuka mpaka. Baba aliweza kuitazama pamoja na binti zake. Nchini Pakistan, kituo cha taifa cha PTV kiliionyesha kwa Kiurdu kuanzia Ramadhani ya 2020 kwa pendekezo la aliyekuwa Waziri Mkuu, Imran Khan. Katika Mji wa Kale, ambako zimo jamaa zenye asili ya Bara Hindi na Baluchistan, waliofahamu Kiurdu walikuwa na mlango wao wa pili wa kuifikia.

Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Tamthilia ile si sira. Hati za wakati wa Ertuğrul mwenyewe ni haba mno. Mojawapo ya ithibati chache kwamba alikuwapo ni sarafu ya mwanawe, Osman, iliyoandikwa jina la baba yake. Misimu mitano imejengwa juu ya msingi mwembamba kama huo, na kijana anayeitaja kama ushahidi wa historia katika mjadala wa barazani anamtaja mtunzi wa hadithi, si mwanahistoria.

Ubishi mkali zaidi uliletwa na tamthilia za Kiarabu. Katika Ramadhani ya 2012, MBC ilionyesha tamthilia ya Omar yenye sehemu 31, iliyoongozwa na Hatem Ali na kuandikwa na Walid Saif. Al-Azhar ya Misri ilipinga kuigizwa kwa masahaba, hasa makhalifa wanne waongofu. Wanazuoni wengine, akiwemo Yusuf al-Qaradawi, walikuwa wameshiriki katika kuukagua mswada wake. Hivyo basi, mtazamaji wa Mombasa aliyekuwa na dishi juu ya paa alikuwa na fatwa mbili mkononi kabla ya sehemu ya kwanza kwisha.

Hali ilijirudia Machi 2025, Ramadhani ilipoanza na MBC ikaonyesha tamthilia ya Muawiya. Mamlaka za Iraq ziliizuia MBC kuionyesha nchini humo kwa kuhofia mfarakano wa kimadhehebu. Mji wa Kale haukuwa na haja ya kufafanuliwa hofu hiyo. Masunni wanaofuata madhehebu ya Shafii, Mabohora na Ithnaasheri wameishi katika kisiwa kimoja kwa vizazi vingi, wakinunuliana na kuzikana, na adabu ya ujirani imewafundisha yapi ya kuzungumzwa msikitini na yapi ya kuzungumzwa dukani. Runinga haina adabu hiyo. Inaingia kila nyumba na kuuliza lile ambalo majirani wameamua kutoulizana.

Kilichotukia Mombasa 1589

Turudi kwa Hürrem, kwa maana habari yake inaifikia bandari yetu. Mwanawe, Selim wa Pili, alimrithi Süleyman mwaka wa 1566. Mjukuu wake, Murad wa Tatu, alitawala kuanzia 1574 hadi 1595. Ni katika enzi ya mjukuu huyo ambapo nahodha wa Kituruki aliyeitwa Mir Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu hadi pwani hii.

Safari yake ya kwanza ilikuwa ya 1585 na 1586. Miji kadhaa ya Waswahili, ambayo ilikuwa imechoshwa na ushuru wa Wareno, ilimpokea na kukubali kuwa upande wa sultani wa Istanbul. Mombasa, ambayo Wareno walikuwa wameiteketeza mwaka wa 1505 chini ya Francisco de Almeida, haikuhitaji kushawishiwa sana. Wareno walilipiza kisasi mwaka wa 1587 kwa kuishambulia Faza na Mombasa. Mir Ali akarudi tena na merikebu tano na kujiimarisha kisiwani.

Mnamo Machi 1589, meli za Wareno kutoka Goa zikiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho ziliingia bandarini. Wakati huo huo, wapiganaji waliojulikana kama Wazimba, ambao walikuwa wamepanda kutoka kusini wakiangamiza miji, walikuwa wamefika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Watu wa Mombasa wakabanwa katikati. Mji ukaanguka, Mir Ali akatekwa na kupelekwa Goa na hatimaye Lisbon. Funzo ambalo Wareno walilipata ni kwamba hawawezi kuitawala pwani hii kwa kupita na meli mara moja kwa mwaka. Mwaka wa 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaikamilisha 1596.

Kwa hivyo mtazamaji anayemlilia Hürrem katika sebule ya Kibokoni anatazama ukoo wa mfalme ambaye meli zake, kwa njia moja au nyingine, ndizo zilizosababisha ngome iliyo mtaani mwake kujengwa. Hili halimo katika tamthilia. Istanbul ina mambo mengi ya kusimulia na Mombasa kwao ilikuwa ukingo wa ramani.

Mfalme mwenye majina mawili

Iwapo mwandalizi yeyote atataka kuanza na sisi wenyewe, kisa kinachomsubiri ni cha Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa Wareno na akauawa mwaka wa 1614 kwa njama zao. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaoa kwa ndoa ya Kikristo na kuhudumu katika jeshi la Wareno. Katika miaka ya 1620 alirejeshwa Mombasa kuwa mfalme chini ya ulinzi wao. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarejea katika Uislamu na kuwataka Wakristo wa mji wachague kati ya dini yake na kifo. Wareno na Waafrika Wakristo wengi waliuawa. Msafara wa Wareno wa mwaka uliofuata ulishindwa kuikomboa ngome, lakini yeye mwenyewe akaibomoa kadiri alivyoweza, akaondoka na meli, na akaishi baharini hadi alipouawa yapata 1638.

Hebu fikiria mapokezi ya sehemu ya kwanza ya tamthilia kama hiyo. Kwa baadhi ya Waislamu wa Mombasa, Yusuf ni mwana aliyelipiza kisasi cha babake. Kwa Wakatoliki, waliouawa ni mashahidi wa imani, na ushahidi juu yao ulikusanywa Goa punde tu baada ya mauaji. Mwenye kuangalia kwa jicho la ukoloni atamwona mtoto aliyenyang'anywa jina, dini na wazazi, kisha akatarajiwa kushukuru. Na karibu yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na maadui zake. Hata maandishi ya 1635 yaliyo juu ya lango la ngome ni ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, anayejisifu jinsi alivyoitiisha pwani baada ya uasi huo.

Hapo ndipo penye kazi ngumu. Mwandishi wa mswada akimfanya Yusuf malaika, nusu ya mji itazima runinga. Akimfanya shetani, nusu ya pili itazima. Njia iliyobaki ni kumwonyesha akiwa mtu, na ni njia ambayo watazamaji wa kisiwani, kwa jinsi walivyomjadili Süleyman, wameonyesha kwamba wanaimudu.

Vitakavyokaguliwa na wazee

Watazamaji hao hawatasamehe makosa madogo. Buibui halikuwapo Mombasa mwaka wa 1631. Lilienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Leso nazo ni za nusu ya pili ya karne ya 19. Anayeonyesha watu wakila muhogo au mahindi kabla ya Wareno kufika mwaka wa 1498 amekosea, kwa maana mazao hayo yalitoka Amerika. Hata Mji wa Kale wenyewe ni mtego kwa mpiga picha: nyingi ya nyumba zake zenye roshani za mbao ni za karne ya 19 na 20, na anayezitumia kuwa mji wa Yusuf bin Hasan atakuwa amekosea kwa zaidi ya miaka 200. Msikiti wa Mandhry, ambao unakadiriwa kuwa wa 1570 hivi, ndio mmoja wa wachache wanaoweza kuonekana katika picha hiyo bila kuleta kesi. Waya za umeme na tuktuk ni jambo la mhariri wa picha.

Kwa kipindi cha baadaye, vyanzo vya wenyeji vipo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Kadhi Mkuu aliyefariki 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa, na kitabu hicho kikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1995. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi enzi za Wamazrui na kushuhudia Sayyid Said akiitwaa Mombasa mwaka wa 1837, yamejaa Kimvita ambacho mwigizaji angeweza kujifunzia. Kuzingirwa kwa ngome na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu wakifa ndani kwa maradhi kuliko kwa risasi, kunatosha msimu mzima.

Uwezo nao haukosekani. Kampuni ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla imekwisha kuonyesha, kwa tamthilia kama vile Sultana iliyoanza 2022 katika runinga ya Citizen, kwamba visa vya Pwani kwa Kiswahili vinatazamwa na Wakenya wa kila pembe. Hiyo ni tamthilia ya maisha ya sasa, na gharama ya merikebu za karne ya 16 ni jambo jingine kabisa. Katika kituo kinachotegemea matangazo ya sabuni na unga, sehemu moja ya vita vya baharini inaweza kumeza bajeti ya miezi.

Malalamiko yatakuwapo, na yana mahali pa kupelekwa. Filamu na tamthilia huainishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu nchini (KFCB) kwa mujibu wa sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, nayo malalamiko juu ya vituo vya utangazaji hupokewa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA).

Mombasa, kwa hakika, imewahi kumtoa mtu aliyeyakabili malalamiko ya aina hii kwa kiwango cha dunia. Mwaka wa 1986, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa kisiwa hiki na mwana wa Sheikh al-Amin, aliandika na kusimulia mfululizo wa sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, kwa ushirikiano wa BBC na runinga ya umma ya Marekani. Ulikuwa wa makala na si wa maigizo, lakini mapokezi ya sehemu zake yalikuwa moto. Lynne Cheney, aliyeongoza wakfu wa taifa wa Marekani uliochangia fedha, aliuona kuwa unaishambulia nchi za Magharibi na akaamuru jina la wakfu liondolewe. Mazrui alijibu kwamba alikuwa ameombwa kutoa mtazamo wa Mwafrika, naye akautoa. Alifariki Oktoba 2014 na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui, hatua chache kutoka Fort Jesus.